Yai la Clifford

Bolti ya saba ilitoka kwa vidole.
Spana ilikuwa bado mkononi, haijaambiwa kazi yake.
Nikainusa ile bolti: gundi.
Gundi ya mbao, Clifford,
kwenye kichwa cha injini.

Hapa ni Burnley, Januari, gereji ya kukodi nyuma ya nyumba za matofali,
hita moja, waya wake mmoja unawaka, wa pili ulishakata tamaa.
Nimetoka zamu ya usiku kwenye ghala la vifurushi
na badala ya kulala naifungua Landrova
niliyoilipia akiba ya miezi kumi na minne
kwa mjane aliyenipokea mlangoni akijipangusa unga:
"Gari hili halijaguswa na fundi yeyote. Ni mume wangu tu."
Nikasikia sifa.
Kumbe lilikuwa onyo.

Tuendelee.
Gasketi imezungushiwa silikoni nyekundu,
imefura ukingoni kama jamu kwenye mkate wa mtoto mlafi.
Oili na maji, ambavyo mwalimu wangu wa sayansi aliapa havichanganyiki,
vimechanganyika. Vimekuwa uji.
Springi moja ya vali ni fupi kuliko wenzake,
umeipandisha juu ya washa mbili,
kama mtoto kwa kinyozi anayewekewa ubao juu ya kiti.
Na beringi ya silinda ya tatu
(hapa nilitafuta ndoo nikakaa)
beringi ya silinda ya tatu ilipolika
uliitilia kiraka cha kopo la soda.
Rangi ya kijani ipo bado. Herufi tatu zinasomeka.

Kwetu tunaita kulipua.
Fundi analipua, anafunika kombe, mwanaharamu apite.
Mwanaharamu ndiye mimi,
ila mimi sikupita.
Nimekaa hapa na kombe lenyewe mapajani.

Nikampigia simu Bi Winifred. Maneno nilikuwa nimeyaandaa, makali.
Nikaanza na rejeta, maana ndani yake
nimekuta kitu cheupe kimegandia mirija,
nikamuuliza, kwa adabu ya mwanzo wa ugomvi, hiki ni nini.
Kimya.
Kisha kicheko cha mtu asiyecheka siku nyingi.
"Ni yai. Ilianza kuvuja tukielekea Whitby.
Nilikuwa na mayai ya keki. Akavunja moja, akalitia.
Likaiva humo humo, likaziba. Tukafika."

Mwaka ule kiwanda cha nguo kilikuwa kimefungwa, akaniambia,
na bei ya fundi hawakuwahi hata kuiuliza.
"Tangu hapo kila Agosti nilikaa mbele
na jagi la maji mapajani, maili mia.
Akisema 'sasa', namkabidhi."
Miaka kumi na mmoja.
Halafu sauti ikashuka:
"Alifanya vizuri?"

Macho yangu yako kwenye kopo la soda.
Najua beringi hupimwa hadi sehemu ya elfu ya inchi.
Najua ungefika mlima mmoja, siku moja,
mkono wa pistoni ungetoboa ubavu wa injini
nami nimo ndani, na binti yangu nyuma, na lori linatufuata.
"Ilidumu," nikasema.
Ni neno la kweli. Nililitafuta kwa muda.

Silikoni nimeikwangua kwa kisu cha jikoni, asubuhi nzima.
Bado nakulaani, Clifford, usidhani.
Nakulaani hasa kwa ile bolti ya saba.
Beringi mpya zinakuja Alhamisi. Yai limetoka vipande vipande,
gumu kama kucha.

Bi Winifred amejialika safari ya Agosti.
Nimemwambia rejeta ni mpya, haidondoshi hata tone.
Amesema vizuri sana,
jagi atabeba hata hivyo.